Safu Nane za Juu

Jiwe lilianguka Jumatano saa moja na nusu asubuhi, Gottfried Gasslitter akiwa mezani anapaka siagi kwenye mkate. Nusu saa kabla ya hapo alikuwa ameinama palepale lilipotua, katika safu ya kumi na saba ya shamba la juu, anafunga matawi ya mizabibu yaliyolegea. Alishuka kwa sababu ya njaa tu. Kama Burgl mkewe angechelewa kuchemsha kahawa, hadithi hii ingekuwa ya msiba.

Hawakusikia kishindo kikubwa. Burgl alisikia kitu kama lori linalomwaga kokoto mbali huko, vikombe vikalia kabatini, halafu kimya. Elmar, mtoto wao wa pekee, kijana wa miaka ishirini na saba, alitoka mbio na soksi zake. Aliporudi midomo ilikuwa imempauka.

"Jiwe," alisema. "Kubwa kama jiko la bibi. Limevunja ukuta na nguzo sita, limekaa katikati ya safu ya kumi na saba."

"Jiko langu la zamani au hili jipya?" aliuliza Bibi Filomena, mama yake Gottfried, ambaye alikuwa na miaka themanini na sita na masikio makali kuliko ya wote.

"La zamani, Bibi."

"Basi ni kubwa kweli."

Gottfried aliweka kisu cha siagi chini, akakinyoosha taratibu kando ya sahani, akainuka, akatoka. Burgl alidhani anakwenda kutazama hasara. Alipochungulia dirishani alimwona anaingia kwenye banda la zana na kufunga mlango.

Saa nne meya alipanda na wazima moto wawili wa kujitolea na bunda la utepe mwekundu na mweupe. Meya huyo, Reinhold, alikuwa amekaa dawati moja na Gottfried shuleni, na hilo lilimfanya aone haya. Alisimama uani, kofia mkononi, kana kwamba amekuja kuposa.

"Gottfried, usinichukie," alisema. "Mwamba ule wa juu una ufa. Watu wangu wameuona kwa darubini. Kuanzia sasa hakuna mtu kukanyaga shamba la juu mpaka mtaalamu wa miamba wa mkoa aje aukague."

"Mtaalamu anakuja lini?" Elmar aliuliza.

"Nitampigia leo hii."

"Sijakuuliza utampigia lini. Nimekuuliza anakuja lini. Sisi tunachuma baada ya siku kumi. Jua likiendelea hivi, nane."

Meya alijua. Hakuna mtu bondeni Eisack, kule milimani kaskazini mwa Italia, asiyejua kilichokuwa juu kule: safu ishirini na mbili za zabibu nyeupe za aina ya Silvaner, juu ya kuta za mawe, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba mchumaji anafanya kazi goti moja limekunjwa siku nzima. Matunda ya mashamba ya chini yalikwenda kwenye ushirika pamoja na ya watu wengine. Ya juu ndiyo yaliyotiwa chupani kwa jina la shamba lao, Raffalt, na watu walipanda barabara ile ya kona arobaini kufuata kitu kimoja tu: ule uchachu wake, unaokufanya utokwe na mate kabla hujameza. Uchachu huo haumngoji mtu. Zabibu ikikaa mtini siku chache zaidi ya inavyotakiwa, sukari inapanda, uchachu unakufa, na mvinyo unakuwa umelala.

Wote walimgeukia Gottfried. Huyu alikuwa mtu aliyegombana na kila karatasi iliyowahi kutoka manispaa, hata ile ya rangi ya vigae. Burgl alijiandaa kwa matusi.

"Amri ni amri," alisema Gottfried, akarudi bandani.

Elmar alimtazama baba yake akienda kama anayemtazama mpangaji mpya.

*

Kila asubuhi Elmar alikwenda mpaka kwenye utepe, akanyoosha mkono na kuchuma punje alizoweza kufikia bila kuvuka. Alizikamua kwenye chumba cha mvinyo, akapima uchachu, akaandika namba kwa chaki kwenye ubavu wa tangi. Alhamisi, nane nukta moja. Ijumaa, saba nukta tisa. Jumamosi upepo wa joto ukaanza kuvuma kutoka kusini, ule unaowapa watu maumivu ya kichwa na kukausha nguo kwa robo saa. Jumatatu, saba nukta tatu.

"Mimi nataka kuchuma kwenye saba," alimwambia mama yake. "Ikishuka chini ya sita nitakuwa nimetengeneza juisi ya kulevya. Mama, huu ndio mwaka wangu wa kwanza kusimamia mimi mwenyewe. Wa kwanza!"

"Najua."

"Baba anajua?"

"Baba yako anajua."

"Basi mbona anakaa kwenye banda kama kuku anayetaga?"

Burgl alichukua chupa moja ya mwaka uliopita, akaifunga kwenye karatasi nzuri, akateremka manispaa. Karani alikuwa binti mdogo, mgeni kijijini, mwenye kucha za rangi ya bahari. Alimwacha Burgl amesimama mpaka akamaliza kuzungumza kwenye simu kuhusu kiti cha gari cha mtoto.

"Mtaalamu ana miamba kumi na moja kwenye orodha yake, mama," alisema hatimaye. "Nyinyi ni wa tisa."

"Sisi zabibu zetu zimeiva."

"Wa nne ni barabara ya shule."

Burgl akaitoa chupa kwenye mkoba na kuiweka mezani. "Hii ni ya kumshukuru mtaalamu tu. Na wewe pia."

Binti aliisukuma chupa kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka ikarudi ukingoni mwa meza. "Haturuhusiwi kupokea zawadi. Samahani sana, mama. Nitaandika tu kwamba ulikuja."

Mkoba ulikuwa mdogo, shingo ya chupa ikachungulia njia nzima ya kurudi. Watu wawili walimsalimia mbele ya kanisa na wote wawili macho yao yalikwenda kwenye chupa kwanza. Alifika nyumbani uso unamchoma kama aliyekutwa ameiba.

Wachumaji kutoka Slovakia walikuwa wameshafika Jumapili, wanne, kama ilivyopangwa tangu masika. Aliyewaongoza alikuwa Bozena, mwanamke mnene wa miaka hamsini aliyekuwa akija Raffalt mwaka wa kumi na moja huu. Burgl aliwapa kazi za chini. Zilikwisha kwa siku mbili. Siku ya tatu walifagia ua, wakaosha kreti ambazo zilikuwa safi, kisha wakaketi kwenye ukuta na kutazama utepe unavyopeperuka.

Hapo ndipo alipokuja jirani yao Anselm na trekta lake. Hakuzima injini.

"Burgl, nasikia una watu wamekaa bure na saa inahesabu."

"Wanapumzika."

"Basi wapumzikie kwangu. Mimi nina safu arobaini na mgongo mbovu. Mambo yenu yakikaa sawa nitakurudishia." Akatazama kuelekea bandani, ambako ilisikika tupa ikinoa chuma. "Na huyu bwana wako vipi? Siku hizi amekuwa mtu wa sheria. Au anagombea umeya? Mimi ningeingia alfajiri nikachuma, Reinhold bado anapiga mswaki."

"Na jiwe?"

"Jiwe limeshaanguka! Litaanguka mara ngapi?"

Burgl alicheka, kwa sababu ingekuwa vibaya zaidi asipocheka. Bozena alishuka ukutani, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Burgl, mimi sitaki kwenda. Lakini hawa vijana wana watoto."

"Nenda. Nenda, Bozena. Hakuna ubaya."

Walipanda trelani. Burgl akasimama uani akiwapungia mkono mpaka trekta lilipopinda kona, akijikaza kisabuni, kisha akaingia jikoni na kukata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

*

Jumatano, jiwe lilipotimiza wiki moja, namba kwenye tangi ilikuwa sita nukta tisa. Burgl alikuwa anaanika mashuka nyuma ya nyumba alipomwona Elmar anapiga magoti, anapita chini ya utepe, na kuanza kupanda kati ya safu na ndoo mkononi.

Kabla hajafungua kinywa alisikia sauti nyuma yake.

"Toka! Toka humo! Elmar, toka!"

Ilikuwa sauti ya Gottfried, lakini Burgl hakuwahi kuisikia hivyo katika miaka thelathini ya ndoa. Ilipanda juu ikakatika, kama sauti ya kijana anayebalehe. Elmar mwenyewe aligeuka kwa mshangao. Alishuka pole pole, akavuka utepe, akaja mpaka mbele ya baba yake na kuitupa ndoo miguuni pake.

"Haya, nimetoka. Sasa niambie tunangoja nini."

"Mtaalamu."

"Mtaalamu! Babu alichuma safu zile vita vikiendelea. Wewe ulichuma na mkono umevunjika. Mwaka nilioshika mimi ndio umegundua kuna serikali?"

Gottfried akainama, akaokota ndoo, akaenda nayo bandani. Elmar akakipiga teke kigogo cha kuni na kutoka kuelekea barabarani.

Burgl aliacha mashuka kwenye kikapu akamfuata mumewe. Alimkuta amekaa kwenye benchi, mbele yake mikasi ya kuchumia imepangwa, yote ishirini, imenolewa mpaka inang'aa. Alikuwa ameshika mmoja na tupa, lakini tupa haikutulia juu ya chuma. Ilikuwa inagonga, tik, tik, tik.

"Huo umeshanolewa," Burgl alisema.

"Najua."

Akaketi kando yake. Akangoja. Alijua kwamba Gottfried ukimuuliza anafunga mlango, na ukinyamaza mara nyingine anaufungua.

"Nilikuwa nimeinama pale, Burgl," alisema. "Palepale. Nimeshika kamba mdomoni. Nikasema nimalize safu, halafu nikasikia harufu ya kahawa, sijui kama kweli au ni akili yangu tu, nikaiacha. Kila nikifumba macho niko pale bado, nimeinama. Juzi nilitaka kwenda kuutazama ukuta. Nikafika kwenye utepe. Miguu ikakataa." Aliitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Kijana anadhani naogopa faini."

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Baba yako anaogopa shamba lake?"

Burgl aliuchukua mkasi mikononi mwa mumewe na kuuweka pamoja na mingine. Alitaka kusema kwamba yeye pia halali, kwamba kila upepo ukigonga dirisha anahesabu waliomo ndani ya nyumba. Lakini aliona watu wawili wenye hofu katika banda moja hawatasaidiana. Akasema tu, "Njoo unisaidie kuanika."

Akaja. Bibi Filomena, aliyekuwa amekaa barazani na blanketi magotini, alimwona mwanawe mtu mzima anashika ncha ya shuka, akapaza sauti: "Afadhali! Kumbe hata sheria ina faida."

*

Mtaalamu alifika Ijumaa. Alikuwa mwanamke mwembamba kutoka mji wa Bolzano, Pedrotti jina lake, viatu vya mlima na kikohozi cha sigara. Alirusha kidude chenye kamera kikazunguka mbele ya mwamba kama nyuki kwa saa nzima, huku familia, meya na wazima moto wakimtazama usoni kama wagonjwa wanaomtazama daktari anayesoma picha ya mapafu.

"Kuna bamba la jiwe limeachana na mwamba," alisema mwishowe. "Linaweza kuanguka kesho. Linaweza kukaa miaka mia. Wavu wa chuma utafungwa wakati wa masika, kabla ya hapo haiwezekani."

"Na zabibu?" Elmar aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Pedrotti aliwasha sigara, akatazama mteremko. "Wewe unafanya mvinyo ule wenye picha ya mlango kwenye chupa?"

"Ndiyo."

"Baba yangu alikuwa anaunywa." Akavuta, akakohoa. "Nisikilizeni vizuri, sitarudia. Asubuhi moja. Kuanzia mwanga wa kwanza mpaka jua linapougusa mwamba, maana jiwe likipata joto linacheza. Yaani mpaka kama saa tano kasoro robo. Watu saba, si zaidi, wote na kofia ngumu. Mnaanza na safu za chini, kumi na nne zile ziko nje ya njia ya bamba. Nane za juu mnagusa mwisho, kama muda upo. Na mtu mmoja anasimama ng'ambo ya korongo, na darubini na honi, haangalii kitu kingine duniani ila ule ufa. Honi ikilia, mnatupa kila kitu mnatoka, na hamrudi. Hakuna mjadala."

"Kesho," alisema Elmar papo hapo. Alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole. "Baba, mama, mimi, Bozena na watu wake watatu. Saba! Na wa honi tutamwomba mzima moto."

Gottfried alikuwa anautazama utepe. Burgl aliona jinsi alivyorudi nyuma hatua moja. Aliona pia kwamba meya ameona, na kwamba sekunde moja ikipita kila mtu uani ataona.

"Gottfried ndiye atashika honi," alisema.

Elmar alicheka. "Mama, baba ndiye anayechuma haraka kuliko sisi sote!"

"Na nani mwingine anaujua mwamba ule? Ameutazama miaka sitini. Mwamba ukitoa hata jasho, yeye ndiye ataona."

"Mama..."

"Mimi siingii kule chini ya mtu nisiyemjua macho yake. Kama si Gottfried, siendi. Na Bozena haendi."

Pedrotti aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa mtu aliyezoea kutazama nyufa. "Mama amesema sawa," alisema. "Mzee ashike honi."

Elmar alimeza maneno yake, lakini shingo ilimwiva. Jioni ilipoingia alikwenda kwa Anselm kuwaomba wachumaji, na Burgl alitegemea kwamba atarudi na masharti. Alirudi na jibu fupi: watakuja wote wanne, na Anselm mwenyewe atakuwa mtu wa saba.

*

Waliingia saa kumi na mbili na nusu, umande ukiwa bado mzito kwenye majani. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyesimulia habari. Kwa kawaida mavuno ni siku ya utani. Siku hiyo ilisikika mikasi tu, na zabibu zinavyotua kwenye kreti, na kigari cha mizigo, kinachotambaa juu ya reli moja, kinavyonguruma kikishuka na mzigo na kupanda kitupu.

"Honi, kazi ya heshima," Anselm alinong'ona akiwa safu moja na Burgl. "Mimi nilipewa kuinama."

"Chuma, Anselm."

"Nachuma. Mgongo unalia lakini nachuma." Kisha, bila kuinua kichwa: "Nilisema upuuzi ile siku, ya meya. Sikulala."

Ng'ambo ya korongo, juu ya jabali lililo wazi, Gottfried alisimama. Kutoka pale alionekana mdogo kama kigingi. Kila Burgl aliponyoosha mgongo alimtazama, na kila mara alimkuta vilevile, darubini usoni, hajakaa, hajageuka, hajajikuna.

Zabibu zilikuwa nzuri. Zilikuwa za kijani zenye doa la dhahabu upande wa jua, na ganda lilipopasuka mdomoni ule uchachu ulikuwapo bado, umenyong'onyea lakini upo. Elmar alizionja mara mbili tatu, akapiga mbio zaidi. Saa tatu na nusu walimaliza safu ya kumi na nne. Jua lilikuwa limeshagusa mnara wa kanisa upande wa pili wa bonde.

"Tunayo saa moja na zaidi," Elmar alisema akihema. "Tupande. Za juu kabisa kwanza, ndizo bora. Mama, wewe ni mwepesi, nenda ya ishirini na mbili. Mimi nakufuata na kreti."

Burgl alipanda, skafu yake ya bluu shingoni. Ngazi za mawe kule zilikuwa nyembamba, mtu anaweka ncha ya kiatu tu. Alipofika safu ya mwisho, mwamba ulikuwa juu yake kabisa, wa kijivu na wenye ubaridi, na harufu yake ilikuwa kama ya kisima. Hakuinua macho. Alishika shada la kwanza, akalikata.

Alikuwa ameshika shada la nne honi ilipolia.

Ililia ndefu, bila kukatika, ikagonga mwamba na kurudi. Burgl aliachia mkasi. Alishuka akiteleza, kwa makalio, kwa viganja, akaona kofia za wengine zinaruka chini kati ya safu. Elmar alikuwa amesimama safu ya ishirini, mikono kwenye kreti iliyojaa nusu, anatazama juu.

"Hakuna kitu!" alisema. "Mama, tazama, hakuna kitu!"

Burgl alimkamata ukosi wa shati kama alivyokuwa akimkamata akiwa na miaka minne, akamburuta. Kreti ikapinduka, zabibu zikatiririka mteremkoni mbele yao. Walivuka utepe wakaanguka kwenye majani, na honi ikanyamaza.

Wakangoja. Watu saba walikaa chini wakiutazama mwamba. Ndege alipita mbele yake. Dakika tano. Kumi. Hata kokoto haikuanguka.

"Labda nzi alitua kwenye darubini," Anselm alisema, na vijana wa Bozena wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Bozena akawakemea kwa lugha yao.

Pedrotti, aliyekuwa pamoja na meya kwenye barabara, aliongea kwenye redio. "Mzee, umeona nini?"

Redio ilikwaruza. "Kuna kitu kilisogea," ilisema sauti ya Gottfried.

Pedrotti alitazama kwa darubini yake kwa muda mrefu. "Mimi sioni," alisema. "Lakini tulikubaliana. Kazi imekwisha."

"Bado saa nzima!" Elmar alipiga kelele. "Safu nane! Zile ndizo zenyewe, nane, tumechuma mashada kumi!"

Kila mtu alivua kofia yake na kuiweka kwenye rundo.

*

Mchana walikula supu ya madonge ya mkate, na Elmar hakukaa mezani. Alikamua zabibu peke yake. Namba aliyoiandika kwenye tangi ilikuwa sita nukta saba, namba nzuri, na hakumwonyesha mtu. Kwa wiki mbili zilizofuata ndege walikula safu nane za juu mbele ya macho yao, kwa raha, hawana wa kuwafukuza. Asubuhi kelele zao zilifika mpaka jikoni. Bibi Filomena alisema hajawahi kuona shomoro wanene namna ile, kisha akaona hakuna anayecheka, akanyamaza.

Baba na mwana waliongea majira yote ya baridi. Waliongea kuhusu pampu, kuni, gari. Lakini Elmar alikuwa akimaliza sentensi na kutazama pembeni. Bamba la jiwe halikuanguka. Mvua za Novemba hazikuliangusha, wala barafu ya Januari. Mwezi wa tatu mafundi walikuja na helikopta, wakalifunga kwa wavu, likiwa limekaa palepale. Siku wavu ulipokamilika Gottfried alivuka utepe, akaenda mpaka safu ya kwanza, akakata matawi ya mzabibu mmoja na kurudi. Kesho yake alikwenda mpaka ya tatu.

Mvinyo ulitoka mzuri. Ulikuwa mchache, lakini ulikuwa na ule ukali wake safi unaoamsha ulimi. Elmar alipouonja kutoka kwenye tangi alifumba macho, na Burgl akaona mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu Septemba.

Mwezi wa tano Burgl na Gottfried walipeleka chupa kwenye hoteli moja ya mjini Brixen ambayo ilikuwa imeagiza kreti sitini. Waliipa thelathini na tano. Mwenye hoteli aliwapokelea mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, akasema kwamba ameshachapisha orodha, kwamba mtu akiahidi anaahidi, na kwamba mwakani labda ataangalia kwa watu wenye mashamba ya kuaminika. Gottfried alisikiliza yote, kofia mkononi.

Walirudi, Burgl ndiye anayeendesha. Walipoacha barabara kuu na kuanza kupanda kona, alisema bila kumtazama:

"Gottfried. Siku ile. Uliona nini?"

Gottfried alivua kofia yake, akaishika magotini.

"Nilikuwa nautazama ufa," alisema. "Kama nilivyoambiwa. Saa tatu nzima sikupepesa. Halafu nikaona kitu cha rangi ya bluu kinapanda pembeni ya darubini. Ile skafu yako. Ikapanda ikapanda, ikasimama chini ya bamba kabisa." Alikuwa anazungusha kofia kwenye magoti. "Sijui kama lilisogea, Burgl. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, darubini yote ilikuwa inasogea. Nilikuona wewe pale, na honi ikawa imeshalia."

Burgl alibadilisha gia. Aliendesha kwa uangalifu sana, kwa sababu barabara ilikuwa imeanza kumchezea machoni.

"Safu nane," alisema Gottfried.

"Nyamaza," alisema Burgl. Akauondoa mkono mmoja kwenye usukani, akauweka juu ya wake, na akauacha pale mpaka kona iliyofuata ikamlazimisha.

Elmar aliwapokea uani kuteremsha kreti tupu. Baba yake alichukua mbili, akaenda nazo taratibu kuelekea stoo. Elmar alisubiri mpaka ameingia.

"Hoteli imesemaje?"

"Imesema vibaya."

Elmar akatikisa kichwa. Alishika kreti kifuani, hakuiondoa, hakuiweka. "Mama, niambie ukweli. Wewe ulikuwa juu kuliko sisi sote. Siku ile baba aliona kitu, au aliogopa tu?"

Burgl alifunga mlango wa gari. Ndani ya stoo Gottfried alikuwa anapanga kreti, moja juu ya nyingine.

"Aliona," alisema.